Maswali ya Wasomaji: Bato ya tanga inaomba moteri ya ngapi?

SWALI: Salamu zenu wakubwa. Mimi niko Goma, kartie ya Himbi. Nimenunua kabato ka tanga, ka faiba, urefu mita 6, aliyeniuzia anasema ikiwa tupu inapima kilo 700. Moteri haina. Pale Kituku, bandarini, kila mtu ninayemwuliza anasema nichukue ya farasi (nguvu ya moteri) 15 ama 25, juu eti kamoteri kadogo kataniacha katikati ya Ziwa Kivu, na mkwe wangu yeye anasema 4 inatosha kabisa. Kawaida tutakuwa watu wanne, kutembeatembea tu na mara moja moja kufika kisiwa cha Idjwi. Nimfwate nani?

JIBU: Kaka wa Himbi, mkwe wako ndiye yuko karibu na kweli, ila amepunguza kidogo. Chukua 6, katre-tan (ya mipigo minne), ya mguu mrefu. Sasa nikueleze ni juu ya nini, usije ukafika dukani wakakugeuza kichwa.

Wale wa Kituku hawakudanganyi, wanaongea kazi yao. Mtu anayepakia makaa, ndizi, maharagi na watu juu yake kwenye bato refu la mbao anahitaji nguvu ya kusukuma mzigo, na ukimwuliza atakujibu kwa mzigo wake. Bato yako ya tanga haikuchongwa hivyo, ile inapasua maji, haipandi juu yake kama kano rapide zile zinazokimbia Bukavu. Inapotembea inatengeneza wimbi mbele na lingine nyuma, na kadiri unavyoongeza mwendo hilo la nyuma linarudi nyuma zaidi, mpaka bato yote inakaa kwenye shimo katikati ya mawimbi mawili. Hapo njo mwisho wa mwendo wake. Hesabu yake ni rahisi: chukua urefu wa sehemu ile inayogusa maji (si urefu wote, pua na mkia wa juu usihesabu), tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, unapata kilometa kwa saa. Yako tuseme inagusa maji kwa mita 5.5, inakuja kama kilometa 10 na nusu kwa saa. Funga 15, funga 25, utaona nyuma inazama, pua inaangalia mawingu, esanse (petroli) inaisha, na bado uko kwenye kilometa 11. Goma mpaka Bukavu ni karibu kilometa 100 za maji, kwa hiyo kwa moteri peke yake ujue ni siku nzima, hata ulipe pesa ngapi.

Basi farasi hazihesabiwi kwa mwendo, zinahesabiwa kwa uzito. Watu wa bato za tanga wanatumia kipimo cha farasi 4 hivi kwa kila tani. Kilo 700 za bato, weka watu wanne kama 280, weka tanga, nanga, kamba, esanse, masufuria (najua mtabeba masufuria), unafika kama kilo 1,100. Hiyo inaomba farasi 4 na nusu hivi. Mkwe wako amehesabu vizuri, lakini amehesabu kama mtu anayekaa Mombasa.

Sisi tuko juu. Ziwa Kivu liko kwenye mita kama 1,460 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na moteri inakula hewa na esanse pamoja. Kila mita 300 unazopanda inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu, sasa hapa kwetu ni 14 ama 15 zinaondoka bila mtu kuziiba. Ile namba iliyobandikwa kwenye kifuniko ni ya usawa wa bahari. 4 inabaki 3 na kidogo, 5 inabaki 4 na kidogo, 6 inakupa 5, na hiyo njo unayotafuta pamoja na akiba ya siku ya upepo. Na upepo unaujua, mwezi wa sita mpaka wa nane ule wa kusini ukikukuta mchana uso kwa uso, tanga unalishusha, unabaki na moteri yako na Mungu.

Kitu kingine wauzaji hawakisemi: kwa viwanda vingine, kama Tohatsu, moteri ya 4, ya 5 na ya 6 ni chuma kile kile, uzito kama kilo 25 zote, tofauti ni namna inavyopumua. Kwa hiyo kuchukua 6 hakukuongezei mzigo. Ukiruka mpaka 8 ama 9.9 ya katre-tan unafika kama kilo 40, na hizo zote zinaninginia kwenye mkia wa bato ambayo ukipandisha tanga inataka kukaa sawa.

Sasa mguu, na hapa njo watu wengi wanapoteza pesa. Mguu mfupi ni sentimeta 38, mrefu 51, na kuna mrefu zaidi wa 63. Bato ya tanga na mguu mfupi hawaelewani. Angalia inavyokuwa: upepo umebadilika, mmoja wenu anakimbia mbele kushusha tanga, uzito umeenda mbele, nyuma inapanda, elisi (ile panga inayosukuma maji) inatoka kwenye maji, moteri inapiga kelele kama inataka kupasuka na bato imesimama, tena ubavu kwa mawimbi. Juu ya elisi kuna kale kasahani bapa. Hako kanatakiwa kuwa ndani ya maji sentimeta 10 hivi ama zaidi, wakati watu wote wamekaa. Kwa hiyo kabla ya kununua, ingiza watu wanne kwenye bato, pima kutoka pale utakapofungia moteri kushuka mpaka kwenye maji, andika, nenda dukani na karatasi. Usikubali mtu wa duka akupimie kwa macho.

Ukishaipata, omba elisi ya hatua fupi (hatua ni umbali inaosogea kwa mzunguko mmoja). Kama ya kiwanda ni inchi 8, tafuta 7 ama 6, inasukuma pole pole lakini kwa nguvu. Na kama inatoa moshi mweusi na bujii (plagi) inalowana nyeusi, mwambie fundi aangalie jigleri (katundu ka kupitishia esanse) ya karabireta, mara mingi ile ya kiwanda inamwaga esanse mingi kwa hewa yetu ya huku juu.

SWALI: Mimi ni mama wa Ibanda, Bukavu. Bwana yangu alikuwa na pirogi, akaiuza, moteri yake Yamaha 15 de-tan (ya mipigo miwili) imebaki depo. Vijana wetu wamepata bato ya tanga ya mita 5. Si waifunge hiyo hiyo?

JIBU: Mama, kwanza heshima zako. Kufunga wanaweza, juu moteri ambayo iko nyumbani inashinda ile iko dukani. Ila waangalie kwanza mkia wa bato, mara mingi kuna kakipande ka bati ka kiwanda kanasema mwisho farasi ngapi. Kama kanasema 6, basi, muuze hiyo 15 mununue nyingine, utabakiza hata pesa. Kama inaruhusu, wapime mguu (ya pirogi mara mingi ni mfupi) na waizoee kwa nusu ya gesi (aksileta), juu ikifunguliwa yote inakunywa kama litre 6 kwa saa na bato haiongezi kitu. Kuikata kona ghafla kwa gesi yote ni kumtupa mtu nje. Ile kamba nyekundu ya kuzima moteri ifungwe kwenye mkono wa anayeendesha, na jile (koti la kuokolea) kila mtu avae, si kukalia. Ile bato iliyotoka Minova ikazama, Oktoba 2024, sote tunaikumbuka.

Na wakikaribia upande wa mto Ruzizi wapunguze mwendo, plastiki kule ni mingi, sashe ikijizungusha kwenye elisi wazime kwanza, wainue moteri, watoe kwa mkono. Kwa zile zenye gupiye (kapini kanakoshika elisi), wabebe mbili za akiba mfukoni.

SWALI: Na ya umeme je? (Msomaji, Goma)

JIBU: Ya kilowati 1 inasukuma kama farasi 3 hivi, haina kelele, haina harufu. Lakini ukiifungua yote, betri yake inaisha kama kwa saa moja. Kutoka pwani na kurudi pwani, sawa. Idjwi, hapana, labda uwe na upepo wa kurudia.