Ufa ukutani, hela mkononi: nimlipe fundi au nisimlipe?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nipo Kivule, nimejenga vyumba vitatu na sebule, fundi tulipatana ufundi 4,500,000 vifaa nanunua mwenyewe. Nimeshampa 3,200,000 kidogokidogo kwa simu, imebaki 1,300,000. Sasa mvua hizi zimenyesha, ukuta wa chumba cha watoto umepasuka kuanzia kona ya dirisha kwenda chini kwa mshazari, ukucha unaingia kabisa, na bati linavuja pale kwenye kofia, juu kabisa ya paa. Nikamwambia sikupi hata mia, nae anasema atakuja kung'oa milango. Mkataba hatuna, tuliongea tu chini ya mwembe, baba watoto alikuwepo. Je nina haki ya kumnyima hela yake? Niende polisi? (Mama wawili, Kivule)

JIBU: Pole sana dada'angu, nyumba ya kwanza ikipasuka inauma maana kila tofali unakumbuka ulilipata kwa kujinyima nini. Lakini hapo kuna vitu viwili na wewe umevifunga kamba moja. Kuna kazi aliyoifanya ikakubalika na kuna kazi aliyoiharibu. Kuta zingine, kenchi (mbao zinazobeba paa), vyumba vizima, vyote hivyo mnalala ndani yake, kwaiyo huwezi kukaa na 1,300,000 yote kwa ajili ya ufa mmoja na kofia, na yeye hawezi kuidai yote kana kwamba ukuta ni mzima. Ugomvi mwingi wa fundi na mwenye nyumba niliowahi kukaa katikati yake unakwama hapohapo, huyu sitoi hata mia, yule nataka yote, na huku maji yanaendelea kuingia ndani.

Anza na ufa wenyewe. Chukua penseli, weka alama unapoishia juu na chini, andika tarehe hapohapo ukutani, alafu paka jipsam kidogo ikatize ufa kama bandeji. Ikikaa wiki nne haijakatika, huenda ufa umetulia. Ikikatika ukuta bado unatembea, hapo tafuta mhandisi aliyesajiliwa aje aangalie, usimlipe mtu yeyote kuziba maana utaziba leo na mwezi ujao unaziba tena. Zile nyufa kama utando wa buibui kwenye plasta mara nyingi ni plasta iliyokaushwa na jua bila kumwagiliwa maji, hizo zisikunyime usingizi. Ila wa kona ya dirisha kwenda chini mimi naanza kuutilia shaka msingi, hasa kama udongo wako ni ule mfinyanzi unaovimba mvua ikija na kunywea kiangazi. Na hapa nijibu moyoni kwako, fundi alikwambia tuchimbe zaidi au tuweke mkanda wa chini, lile zege lenye nondo juu ya msingi, ukasema hela imeisha tuendelee hivyohivyo? Kama ndivyo, lawama mnagawana, sio ya kwake peke yake.

Ukishajua, mwite fundi wako aje aone, mwandikie wasapu, mpe siku 14 arekebishe. Mpe nafasi hiyo kweli, wengi wanakuja, hasa wakiambiwa vizuri mbele ya mtu wanayemheshimu. Asipokuja leta fundi mwingine akupe bei ya kurekebisha kwa maandishi. Tuseme amesema 400,000, basi hiyo ndio unayobaki nayo, 900,000 mpe, mbele ya mjumbe, kwa karatasi yenye sahihi zenu. Nakuomba sana usiicheleweshe hiyo 900,000, kwasababu humo ndani kuna saidia fundi waliokubebea zege kichwani ambao nao hawajalipwa na hawana kosa lolote kwenye ufa wako.

Polisi hapana. Deni na kazi mbovu ni madai, sio jinai, labda awe amekutapeli tangu mwanzo. Ila akija kung'oa milango hiyo ni habari nyingine. Namkumbuka fundi mmoja aliyekuwa anadai kihalali kabisa, akapanda usiku na nyundo akatoa bati sita, asubuhi yule mdai ndio akawa mshtakiwa na deni lake hakuna tena aliyekuwa analizungumzia. Mfikishie ujumbe huo kwa upole.

Mkishindwana hata kwa mwenyekiti wa mtaa, iko Mahakama ya Mwanzo, inapokea madai ya mkataba yasiyozidi milioni 30 na kesi inaendeshwa kwa Kiswahili. Makubaliano ya mdomo yanatambulika kisheria, shida ni kuyathibitisha tu, kwaiyo zile meseji za malipo usifute hata moja, picha za ufa zenye tarehe zitunze, na baba watoto ni shahidi wako. Wasapu nazo zinapokelewa, kuna sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015.

SWALI: Mimi ni mkandarasi daraja la saba, nilipewa kipande cha uzio na mkandarasi mkubwa, nimemaliza tangu mwaka jana, kila nikipiga simu ananiambia mwenye kazi hajamlipa. Nisubiri mpaka lini? (Mdau, Dodoma)

JIBU: Soma kwanza mkataba wenu, kama haujaandikwa kwamba utalipwa akilipwa, basi mwenye kazi hakuhusu, wewe mkataba wako ni na yeye. Acha kupiga simu, simu haiachi alama. Mwandikie barua ya madai, ambatanisha vipimo vya kazi mlivyopima pamoja na ile karatasi ya makabidhiano, hakikisha ofisini kwake wanagonga muhuri kwenye nakala yako. Akinyamaza angalia kama mkataba una kipengele cha usuluhishi, Baraza la Taifa la Ujenzi lipo tangu 1979 na kusaidia migogoro ya namna hii ni moja ya kazi zake, na kwa vile wote mmesajiliwa, Bodi ya Usajili wa Makandarasi nayo iandikie. Muda wa kudai kwa mkataba ni miaka 6 tangu deni lilipoiva, kwaiyo bado upo ndani, ila vipimo visivyosainiwa vinasahaulika mapema kuliko hapo, kama hamkusaini nendeni mkapime upya wiki hii kabla hajahamisha msimamizi wake wa saiti.