Re: Hiace ya dizeli inapiga stata muda mrefu asubuhi

Salaam mkuu, hongera kwa gari. Kama nimekuelewa: Hiace ya injini ya 5L uliyoinunua imetumika, ikilala usiku asubuhi inapiga stata mpaka betri inachoka, ila mchana haisumbui, na fundi anataka ubadili pampu kubwa ya dizeli, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli. Usimpe hela bado.

Kwanza angalia moshi wakati wa kupiga stata. Hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki. Moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui.

Kama moshi haufuki, kesho kabla ya kugusa swichi bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha washa. Ikidaka papo hapo, kuna sehemu inavuta upepo na dizeli inarudi kwenye tenki usiku. Kagua oringi (pete ya mpira) ya filta, kizibo cha chini cha kumwagia maji, na hiyo pampu ya mkono yenyewe. Ikichoka huwa na unyevu wa dizeli pembeni. Vimipira vya rejesho juu ya nozeli, vinavyorudisha dizeli iliyozidi, navyo hukauka na kupasuka, na ni vya bei ndogo. Weka kwa muda mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu kubwa: ukiona mapovu, umemkamata mwizi.

Kama ni moshi mweupe, nenda kwenye hita plagi, zile zinazopasha joto injini kabla ya kuwaka. Fungua bati linaloziunganisha, unga taa ya majaribio kwenye chanya ya betri, gusa kila plagi. Isiyowasha taa imekufa. Zote nne zikiwa nzima, pima kama umeme unazifikia swichi ikiwa ON. Usipofika, mara nyingi ni rilei, swichi ya umeme inayozipelekea moto.

Wasikupulizie petroli kwenye njia ya hewa ya injini, unaweza kuvunja pistoni. Pampu kubwa yenyewe siwezi kuihukumu nikiwa mbali. Lete majibu ya moshi kwanza.