Nilikataa Kuzidisha Abiria: Je, Naweza Kufutwa Kazi?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni nahodha wa mashua ya injini ya hoteli moja hapa Shela, Lamu, yenye leseni ya kubeba abiria 12. Wiki jana, upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, meneja aliniamuru niwapeleke wageni 17 Kiwayu kwa bahari ya nje, ilhali maboya ya kuvaa yalikuwa 12 tu. Nilikataa, na kwa hasira nikamtupia ufunguo wa injini mezani mbele ya wageni. Sasa nimeandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza kwa kosa la ukaidi. Je, sheria inamruhusu kunifuta?
Nahodha, Shela

JIBU: Waaleikum salaam. Barua hiyo imeyafunga pamoja mambo mawili yasiyo na uzito mmoja, nawe yatenganishe.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kumwachisha kazi papo hapo anayekaidi amri kwa kusudi, ila amri yenyewe sharti iwe halali, ya haki, na iwe ndani ya majukumu ya mfanyakazi. Kuzidisha abiria kupita leseni si amri halali, hata angeitoa mwenye hoteli mwenyewe. Isitoshe, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti kwa msimamizi wake hatari kubwa anayoiona, na inamzuia mwajiri kumrudisha kwenye kazi hiyo kabla hatari haijaondolewa.

Ufunguo ndio unaonitia wasiwasi. Kifungu hicho hicho cha 44 kinataja pia mwenendo wa kumtusi au kumdhalilisha mkubwa wa kazi, na meneja mjanja ataliacha suala la abiria aung'ang'anie ufunguo. Kwa hiyo, katika majibu yako, omba radhi kwa ufunguo peke yake. Kuhusu kukataa, eleza tu idadi ya wageni, ya maboya, na hali ya bahari, kisha uambatishe nakala ya leseni.

Kabla ya kufutwa, kifungu cha 41 kinakupa haki ya kusikizwa kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako uliyemchagua. Baharia aliyekuwapo siku hiyo atafaa. Wakikufuta hata hivyo, peleka malalamiko kwa ofisa wa leba ndani ya miezi 3. Mahakama ikiona umeonewa, inaweza kuamuru ulipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12.