Kijana Wangu Ananiita "Beta"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, naishi Morogoro. Mke wangu ni muuguzi. Wiki zake za zamu ya usiku mimi ndiye ninayepika, ninayemwogesha mdogo na kufua sare za shule, na sijawahi kuona tabu. Jumapili iliyopita nilikuwa nakanda unga wa chapati, kijana wangu wa kidato cha tatu akanitazama, akacheka: "Baba, wewe ni beta." Nikamuuliza ndiyo nini. Akaniambia wanaume wana madaraja. Alfa ndiye anayeamuru na kuogopwa, beta ni wa kutumwatumwa na mke, sigma ni mbabe wa peke yake asiyemhitaji mtu. Yeye anataka awe sigma. Iliniuma, Mwalimu, ila sikumjibu, nikaendelea na unga wangu. Nimnyang'anye simu?
Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Simu mwachie kwanza.

Nimefundisha baiolojia miaka 31, kwa hiyo niruhusu nianzie huko, maana kijana anadhani maneno haya ni sayansi. Mwaka 1947 Mswisi mmoja, Rudolf Schenkel, aliandika habari za mbwamwitu wa Ulaya (si hawa wetu wenye mabaka) waliofugwa katika bustani ya wanyama ya Basel. Walikuwa wamebanwa pamoja kizimbani, hakuna pa kukimbilia, wakawa wanagombana nani awe juu ya nani. Mwaka 1970 Mmarekani David Mech akaieneza habari ya "alfa" katika kitabu chake kuhusu wanyama hao. Kisha Mech huyohuyo akaenda kuwatazama walio huru kisiwani Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, akarudi huko kiangazi baada ya kiangazi. Alichokiona ni baba, mama na watoto wao. Watoto wakikua wanaondoka, wanatafuta wenzi, wanaanzisha familia zao. Huyo aliyeitwa alfa ni mzazi tu. Jike akiwa pangoni ananyonyesha, dume ndiye anayekwenda kuwinda na kumletea chakula, na watoto huwatapikia nyama aliyoibeba tumboni. Mech aliyaandika hayo mwaka 1999, akamwomba mchapishaji aache kukichapa kile kitabu cha zamani. Kiliachwa mwaka 2022.

Huyo sigma hata mnyama hana. Mwandishi mmoja Mmarekani, Theodore Beale, alimbuni mwaka 2010 katika ngazi yake ya kupanga wanaume.

Ukitaka mfano wa nyumbani, uko Gombe, Kigoma. Mwaka 1964 sokwe aliyeitwa Mike, ambaye alikuwa karibu wa chini kabisa, aliokota madebe matupu ya mafuta ya taa kambini kwa Jane Goodall, yule Mwingereza aliyekuwa akiwachunguza sokwe, akawa anayaviringisha mbele yake huku akiwakimbilia wenzake. Kishindo kile kikawatisha madume wakubwa kuliko yeye, akawa mkuu wao. Ninapowasikia hawa wanaowafokea vijana kwenye video za simu, wakiwa wameegemea magari, namkumbuka Mike na madebe yake.

Lakini haya yote usimwanzie nayo kijana. Atakuona unamfundisha darasa.

Nikwambie langu. Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu kijana huko Lushoto. Mke wangu alijifungua pacha kwa upasuaji, hakuweza kuinama. Nepi nikafua mimi. Kamba yetu ilikuwa inatazamana na nyumba za walimu wenzangu, na siku ya tatu nikasikia mtu anasema nimelishwa limbwata. Mwingine akaniita mwanaume suruali. Ngazi ya wanaume tulikuwa nayo kabla ya intaneti, mwanangu. Basi nikaanza kuzianika usiku. Lushoto ni ukungu na baridi, nepi zilikuwa zinaamka mbichi vilevile, na mimi nikawavalisha watoto hivyohivyo, na unyevu wake. Wakatoka vipele mapajani hadi ngozi ikachubuka. Mke wangu alidhani ni sabuni. Sikumwambia kweli mpaka pacha wale walipokuwa darasa la pili, na mpaka leo nikiona nepi kambani moyo unanichoma.

Kwa hiyo namwonea huruma kijana wako kama ninavyokuonea wewe. Umri ule mtoto hajipangii daraja akiwa ametulia. Kuna mwenzake shuleni aliyemwita beta kabla yeye hajakuita wewe, labda kwa ajili ya msichana, labda kwa ajili ya viatu. Muulize hilo. Usimkalishe mkatazamana macho kwa macho kama mahakamani. Mwite akushikie kitambaa ukiwa unashona pindo refu, macho yenu yote yawe kwenye sindano, umuulize taratibu: nani alikuita hivyo? Akinyamaza, endelea kushona. Atasema, kama si siku hiyo, wiki ijayo.

Kisha mwambie "Iliniuma", kwa neno hilohilo uliloniandikia. Mimi hunijui, umeniambia. Yeye uliyekuwa unamkandia chapati hujamwambia. Niandikie tena mkishazungumza.