Mnaoanza na GPU, acheni kuomba memori ndani ya lupu

Wadau mnaoanza kuandika kodi za GPU (kadi ya grafiki), naandika hii maana naona watu wengi wanahangaika na hesabu ndani ya keneli (ile funksheni inayokimbia kwenye kadi), mara apunguze kugawanya hapa, mara abadilishe fomula pale, na programu bado inatambaa tu. Mi mwenyewe nimepita humo humo. Mara nyingi hesabu haina shida, shida ni namna unavyoomba memori na unavyoirudisha.

Kodi yangu ya kwanza ya maana kwenye CUDA (zana za NVIDIA za kuandikia kodi za GPU) ilikuwa na lupu ya mizunguko 10000, kila mzunguko naita cudaMalloc kuomba memori ya kadi, napeleka data, nawasha keneli, nachukua majibu, naita cudaFree kuirudisha, halafu najiona msafi kweli kweli maana kwenye C nilizoea kwamba ukikopa memori unarudisha. Ikatoka taratibu kuliko toleo langu la CPU, aisee. Nikasema kadi hii mbovu. Nilivyofungua profaila (zana ya kupima muda unaishia wapi) ndo nikaona keneli zenyewe ni vistari vyembamba kama uzi, nafasi yote iliyobaki imejaa cudaMalloc na cudaFree. Kumbe cudaFree inasubiri kwanza kadi imalize kazi iliyo nayo, na cudaMalloc nayo inapitia kwa dreva kila ukiiita, sio kama malloc ya kawaida ambayo mara nyingi inakuchotea tu kwenye akiba ambayo programu tayari inayo. Nikazitoa zote mbili nje ya lupu, nikaomba bafa moja (kipande kimoja cha memori) inayotosha mzunguko mkubwa kuliko yote, ikawa inatumika hiyo hiyo mwanzo mwisho. Keneli sikuigusa hata herufi, na programu ikakimbia.

Sasa utasema ukubwa wa data yangu unabadilika badilika siwezi kujua mapema. Sawa, kuanzia CUDA 11.2 kuna cudaMallocAsync na cudaFreeAsync, hizi zinafuata foleni ya strimu (mpangilio wa kazi unazoipa kadi) na zinachota kwenye bwawa la memori ambalo dreva analitunza, kwa hiyo ukirudisha kipande kinakaa pale kinamsubiri anayefuata. Ila kuna mtego hapo: kwa kawaida lile bwawa limewekwa lisibakize kitu, ukisinkronaizi tu (CPU ikisubiri kadi imalize) memori isiyotumika inarudishwa kwenye mfumo na unaanza upya kuomba. Pandisha ile cudaMemPoolAttrReleaseThreshold (kiasi ambacho bwawa linaruhusiwa kubakiza) ndo utaona faida. Mi nilikaa muda nikidhani hii kitu ni maneno matupu kumbe sijaweka huo mpangilio.

Halafu hesabu ya baiti. Hapa naomba mtulie. Ukiwa na matriksi ya 50000 kwa 50000 ya float, kila namba ni baiti 4, jumla gigabaiti 10, kadi ya gigabaiti 24 inaimeza vizuri tu. Ila ukiandika n * n * sizeof(float) na n ni int, kile kipande cha n * n kinapigwa kwanza kama int, jibu ni 2500000000 wakati int inaishia 2147483647, kwa hiyo inageuka hasi, hasi ikigeuzwa kuwa size_t (aina ya namba isiyo na hasi) inakuwa namba kubwa ya ajabu, na kadi inakwambia memori haitoshi wakati iko tupu kabisa. Anza na sizeof(float) * n * n au fanya n iwe size_t. Na ukimaliza hapo kumbuka na indeksi ndani ya keneli, row * n + col inaanguka shimo lile lile.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba wengi hawaangalii cudaMalloc imerudisha nini. Imeshindwa, pointa imebaki na takataka, keneli inaipokea hivyo hivyo, na kwa vile keneli inawashwa tu na CPU inaendelea na safari yake, kosa linakuja kujitokeza laini ishirini mbele kwenye cudaMemcpy isiyo na hatia, unaanza kuchunguza pasipo na mwizi. Andika makro moja ya kukagua kila mwito na uitumie kila mahali hata kama inachafua macho. Ukikwama kabisa weka CUDA_LAUNCH_BLOCKING=1 ili kosa litokee pale pale lilipozaliwa, na pitisha programu kwenye compute-sanitizer (zana ya NVIDIA ya kukagua makosa ya memori), ukiongeza --leak-check full itakuonyesha na memori uliyoisahau.

Usiite malloc ndani ya keneli. Inaruhusiwa ndio, lakini hipu yake (eneo la memori inakochota) kwa kawaida ni megabaiti 8 tu, thredi elfu kadhaa zikiomba pamoja imeisha, na inarudisha NULL kimya kimya.

Kusafirisha data nako. PCIe 4.0 ya leni 16 (njia inayounganisha kadi na mashine) kwenye karatasi ni kama gigabaiti 32 kwa sekunde kwa upande mmoja, memori ya A100 (kadi ya NVIDIA) ya gigabaiti 40 inasoma kama gigabaiti 1555 kwa sekunde, kwa hiyo kila ukivuka kwenda RAM na kurudi unatoka barabara kuu unaingia kichochoro. Data ikishafika kwenye kadi iache huko huko. Na kama unataka kusafirisha huku keneli inaendelea kupiga kazi, upande wa RAM omba kwa cudaMallocHost, maana memori ya malloc ya kawaida inabidi ipitishwe kwanza kwenye bafa ya dreva na ile Async uliyoandika inabaki jina tu. Usizidishe lakini, memori hiyo imefungwa kwenye RAM, mfumo hauwezi kuihamisha, ukichukua nyingi mashine nzima inalegea.

Nyie wa PyTorch (maktaba ya Python ya kufundishia modeli) mnaosema haya hayawahusu, yanawahusu. Usishangae nvidia-smi (amri ya kuangalia hali ya kadi) ikionyesha kadi imejaa wakati umeshafuta tensa zako (zile safu za namba), PyTorch inabaki na memori yake kama akiba ili isirudi kwa cudaMalloc kila saa, yaani ule ule ujanja wa bafa moja. Linganisha torch.cuda.memory_allocated na memory_reserved, ya kwanza ndo unayotumia kweli. Na empty_cache, ya kuachia akiba hiyo, haiokoi kitu kama bado kuna jina limeishika tensa. Niliwahi kuwa na mafunzo yanayokufa kila mara baada ya hatua kadhaa, memori inapanda kidogo kidogo, nikapunguza batchi, nikamwaga empty_cache kila kona, wapi. Siku mbili. Mwisho nikaona laini moja ya kujumlishia hasara kwa ajili ya kuprinti, total += loss, na loss hiyo imebeba grafu yote (kumbukumbu ya hesabu) ya hatua yake, kwa hiyo hakuna hatua iliyokuwa inaachiwa. Nikaweka loss.item() (inatoa namba tupu bila grafu), mstari wa memori ukalala.