Shika skeli moja kwanza

Kaka, umeuliza kama uokote vitrekta vya mfano, vya kukusanya, vya saizi yoyote ilimradi bei iwe nafuu. Hapana. Shika 1:32, yaani kitrekta kidogo mara 32 kuliko trekta halisi; ndiyo skeli ya watengenezaji Britains, Siku na Universal Hobbies, hivyo plau ya mmoja itakaa vizuri nyuma ya trekta la mwingine. Ertl wa Marekani wana mengi ya 1:16, yaani makubwa mara mbili, mazuri kweli, ila moja tu linameza rafu.

Mimi ningeanza na Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa 1964. Hata mgeni asiyejua matrekta akiingia sebuleni atalitambua. Halafu tafuta tela na plau ya sahani, maana trekta tupu huchosha macho haraka.

Ukinunua lililotumika, omba picha ya ekseli ya mbele na bomba la moshi. Hivyo viwili ndivyo huvunjika mapema, na wauzaji wanajua kuficha kwa pembe ya kamera.

Boksi usitupe. Ila hapa Dar unyevu hauna adabu: tia ndani vile vipakiti vya kwenye viatu vipya, na kabati lisitazame dirisha, jua linapausha rangi nyekundu vibaya sana.