Kwa wanaoanza kuwasaidia vijana wakimbizi: anzeni na siku ya kuandikishwa shule

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii katika jamii zetu hapa Marekani, wengi wenu mnakuja na hamu ya kufundisha Kiingereza na hesabu jioni, katika kumbi za makanisa na misikiti, na hamu hiyo ni njema. Hata hivyo, miaka niliyoishi na familia zilizotoka Kongo kupitia kambi za Tanzania na Kenya imenionyesha kwamba vijana wengi hupotea kabla masomo hayo ya jioni hayajaanza, yaani siku wanapoandikishwa shule na kupangiwa darasa huku mzazi akitia sahihi asichokielewa.

Mfikirieni kijana wa miaka 17 aliyesomea kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, ambako shule za Wakongo zilifuata mtaala wa kwao kwa Kifaransa. Huenda anaijua aljebra vizuri, ila hana maneno ya Kiingereza ya kuionyesha. Mwenzake wa kambi ya Kakuma alisoma mtaala wa Kenya kwa Kiingereza, na kumweka katika darasa la wanaoanza lugha ni kumrudisha nyuma bila sababu. Ofisi ya shule haitayajua haya mpaka mtu ayaseme, na mara nyingi mtu huyo atakuwa wewe. Kusanyeni ripoti za shule, hata zilizochakaa, muombe zitathminiwe ili masomo aliyokwisha kuyamaliza yahesabiwe.

Jifunzeni sheria mapema. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kuhusu umri, someni yaliyotokea Lancaster, Pennsylvania. Vijana wakimbizi waliokaribia au kuvuka miaka 18, baadhi yao kutoka Kongo, walikataliwa kuandikishwa au kupelekwa katika shule mbadala ya kuharakisha kuhitimu, badala ya shule ya McCaskey yenye mpango maalumu kwa wanafunzi wageni wanaojifunza Kiingereza. Mwaka 2016 walifungua kesi, mahakama ya shirikisho ikaamuru wapokelewe McCaskey, na Januari 2017 mahakama ya rufaa ikathibitisha amri hiyo. Katika jimbo hilo kijana ana haki ya kusoma mpaka miaka 21. Majimbo mengine yana ukomo wao, kwa hiyo ulizeni wa kwenu. Mkiambiwa kijana amezidi umri, ombeni sababu hiyo kwa maandishi, muweke tarehe na jina la ofisi iliyojibu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni ukalimani. Kijana asiwe mkalimani wa kikao kinachomhusu mwenyewe, kwa maana atamfikishia mzazi habari iliyochujwa, tena mara nyingi kwa huruma, akiogopa kumuumiza mama ambaye tayari amechoka. Ombeni mkalimani wa shule siku kadhaa kabla, na mtaje lugha kamili ya mzazi. Familia nyingi zilizoandikwa kwamba zinazungumza Kiswahili huzungumza Kibembe au Kinyamulenge nyumbani. Na mkalimani wa simu aliyezoea Kiswahili cha Dar es Salaam anaweza kumaliza kikao na mama wa Fizi, mashariki mwa Kongo, kila mmoja akidhani ameeleweka. Baada ya kikao mwombeni mzazi aeleze kilichoamuliwa, kwa heshima, bila kumtahini.

Vijana waliokwisha kupita njia hii wapeni nafasi ya kuwasindikiza wenzao wapya: kuwaonyesha basi la shule, chumba cha mshauri wa masomo, na namna ya kuomba kubadilishiwa somo. Kazi hiyo huwapa uongozi wa kweli. Kwa kuwa shule nyingi hufunguliwa kati ya mwanzo wa Agosti na mwanzo wa Septemba, waiteni wazazi mwezi Julai, wakiwa na makaratasi yao yote, na mhakikishe mama mwenye watoto wadogo ana mtu wa kumlelea siku hiyo.